Fungu la Mgawaji

Papa Timothée alikuwa na kisu kimoja cha kugawia samaki, na hakuruhusu mtu akitumie hata kumenyea ndizi. Kilikuwa kifupi, na mpini wake wa mti mweusi ulikuwa umelika upande wa kidole gumba. Kilikuwa cha baba yake. Katika ukoo wao, pale penye maporomoko ya Wagenia, mwenye kisu hicho si lazima awe mvuvi hodari wala mwenye migono mingi ya kutegea samaki. Alikuwa mgawaji. Migono ikishavutwa kutoka majini, samaki wote walimwagwa juu ya jiwe moja pana. Yeye alitandika majani mapana ya mangongo, jani moja kwa kila nyumba, kisha akaanza kukata na kuweka. Watu walikaa kimya mpaka amalize. Nyumba yenye mama aliyejifungua juzi ilipata kipande chenye mafuta. Mjane alipata kichwa kikubwa, kwa kuwa kichwa hutoa mchuzi mwingi. Aliyevunjika mkono aliongezewa. Mgawaji mwenyewe alichukua mwisho, kile kilichobaki, na kama hakikubaki kitu alirudi nyumbani na kisu chake.

Siku hizi jiwe lipo, lakini hakuna anayegawa juu yake. Wanunuzi wanasubiri na mabeseni ya plastiki, samaki anauzwa kabla hajaacha kurukaruka, na nyumba ya pili inabaki na harufu. Timothée alikaa na kisu chake miaka kumi na mmoja bila kuitwa na mtu.

Tulifahamiana tangu ujana. Mimi nilikuwa mpima mizigo kwenye reli ya Ubundu, na yeye alivuka mto kwa pirogi kuleta vikapu vya samaki waliokaushwa stesheni. Treni zilipopungua nikabaki na muda mwingi, nikaanza kusoma chochote kilichopita mbele yangu. Kitabu changu cha biolojia, cha Kifaransa, nilikikuta sokoni kwa mama muuza karanga. Alikuwa amekwisha kuchana kurasa za maua na za vyura ili afungie karanga, lakini sura ya mmeng'enyo wa chakula ilikuwa bado nzima. Nilimpa magazeti mazito zaidi, akanipa kitabu, akaniona mpumbavu. Tangu hapo Timothée aliniita profesa wa karanga.

Mke wake, Mama Berthe, alifariki miaka minne iliyopita. Mtoto wao Landry yuko Kinshasa, na simu yake hujibu siku moja kati ya kumi. Binti, Wivine, ameolewa Bafwasende na fundi wa pikipiki. Timothée akabaki peke yake katika nyumba ya vyumba viwili, na hapo ndipo shida ilipoanzia, ingawa yeye hakuiita shida.

Kwao, na kwetu pia, samaki na nyama havikuliwa na mtu mmoja. Mtu alikula ndizi peke yake, alikula kwanga, ule mkate wa muhogo, peke yake, hakuna aliyemuuliza. Lakini aliyefunga mlango akala mnofu bila shahidi, watu walimwita ndoki, mchawi, kwa kuwa nani anajua mnofu huo ni wa nani? Vijana wa leo wanacheka wakisikia. Timothée hakucheka. Tangu Jumatatu mpaka Jumamosi alikula kwanga na chumvi na pilipili, au sombe, mboga ya majani ya muhogo, iliyopikwa kwa maji bila hata dagaa. Jumapili, watu wa jumuiya walipopita wakitoka misani, alipika samaki mzima, wakala pamoja, naye akala mpaka akafungua kifungo cha suruali. Aliamini ameweka akiba ya wiki.

Mwaka jana, mwezi wa nne, alikwenda majini kuwaangalia vijana wakifunga magogo kwa kamba za kekele, mmea mgumu wa kutambaa msituni. Ncha ya kekele ikamchoma kwenye muundi wa mguu wa kushoto. Jeraha lilikuwa dogo kama punje ya haragi. Mwezi wa saba lilikuwa pana kama kiganja cha mtoto, na miguu yote miwili ilikuwa imevimba. Ukibonyeza kwa kidole, shimo lilibaki, kama unavyobonyeza ugali wa fufu.

Jirani mmoja alisema amerogwa. Mwingine alitaka kumpeleka kwenye maombi. Mimi nilimpeleka kwenye kituo cha afya, kwa miguu, polepole, yeye akishika bega langu. Zamani tungeita toleka, tungekaa nyuma ya baiskeli na kusalimiana na kila mtu njiani. Sasa ni pikipiki tupu, na mwenye kidonda wazi hapakiwi kwa furaha.

Muuguzi aliitwa Priscille. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwenye haraka lakini si mkali. Aliosha kidonda, akabonyeza mguu, akaangalia shimo likikataa kujaa.

"Papa, uko nakula nini?"

"Minakula."

"Nini?"

"Chakula."

Akanigeukia. "Tonton, huyu papa iko nakula nini?"

"Kwanga," nikasema. "Na chumvi."

"Dimanche minakula samaki muzima!" Timothée alisema kwa kiburi. "Toka kichwa mpaka mukia."

"Na Jumatatu, lundi?"

"Lundi ile samaki ingali mu tumbo."

Priscille hakucheka. Alivua glavu zake, akakaa kwenye kiti mbele yake. "Bon. Papa, unisikilize muzuri. Kidonda hii imekaribia mufupa. Docteur anakuja nyuma ya juma sita. Kama atakuta haijaanza kujifunga, atakata hapa." Akapitisha upande wa mkono wake chini ya goti. "Dawa ya kuosha niko nayo. Ile ya kujenga nyama, sina. Inatoka mu sahani, na inatoka kila siku."

Njiani kurudi tulitembea polepole mpaka tulipofika penye mti wa mchikichi ulio karibu na kwake. Hapo akasimama, akapumua.

"Emile, juu ya jiwe batu banasimama na miguu mbili," alisema.

Nilitaka kumwambia kwamba hakuna atakayemwita tena juu ya jiwe, akiwa na miguu miwili au minne. Nikampa bega tena.

Kesho yake nilikwenda na kitabu. Tulikaa uani, mguu wake juu ya kigoda.

"Chatu anakula mara moja," alianza kabla sijafungua, "na analala mwezi muzima."

"Weye si chatu."

"Unajua aje? Umesoma mu kitabu ya karanga?"

Nilimweleza nilichosoma, kwa maneno yetu. Samaki anayeingia tumboni haendi mguuni akiwa samaki. Protini yake ni mnyororo mrefu uliokunjwakunjwa, na pete za mnyororo huo ndizo zinazoitwa asidi amino. Tindikali ya tumbo huukunjua, na kimeng'enya kimoja huanza kuukata. Vipande vikishuka kwenye utumbo mwembamba, kongosho humwaga vimeng'enya vyake, vinakata zaidi, mpaka zinabaki pete moja moja, au mbili mbili, au tatu tatu. Hapo tu ndipo ukuta wa utumbo hukubali kuzipokea. Ukuta huo una milango, na mingi kati yake hufunguka kwa msaada wa chumvi: chumvi inaingia, na asidi amino inaingia imeshikana nayo. Zile za mbili mbili na tatu tatu zina mlango wao, na nyingi hukatiwa humo ndani ya ukuta, kisha zinatokea upande wa pili, kwenye damu. Ukuta wenyewe hubakiza kidogo kwa matumizi yake.

"Chumvi minakula kila siku," alisema.

"Chumvi inafungua mulango. Lakini nani iko naingia?"

Akakuna ndevu. Nikaendelea. Damu inayotoka kwenye utumbo, nikamwambia, haitawanyiki kwanza mwilini. Inakusanyika katika mshipa mmoja mkubwa, na mshipa huo unakwenda kwenye ini.

"Yote?"

"Yote."

Aligusa mfuko wake wa kisu. "Juu ya jiwe moja," alisema.

Sikuwa nimefikiria hivyo. Nilikuwa nimeisoma sura ile mara tisa, na sikuwa nimeliona jiwe.

"Ndiyo, njo vile. Juu ya jiwe moja. Na ini njo inagawa."

Akashusha mguu kutoka kigodani, akasogea mbele. Sasa alikuwa anasikiliza kama mtu wa kazi hiyo. Alitaka kujua nyumba ni ngapi. Nikataja misuli, ngozi, damu, moyo, kidonda. Alitaka kujua vipande ni vya aina ngapi. Nikasema aina ishirini hivi, na tisa kati yake mwili hauwezi kuzitengeneza, lazima ziliwe. Kuna tatu, nikaongeza, ambazo ini huziacha zipite karibu bila kuzigusa, ziende kwenye misuli.

"Zile ziko na jina la nyumba tayari," alisema. "Kwetu mukia ya samaki kapiteni ilikuwa vile. Ilikuwa ya mama ya chef wa migono, hata mugawaji hakugusa. Na mugawaji yeye mwenyewe? Ini inachukua saa ngapi?"

"Ya kwanza."

"Ya kwanza? Mbele ya batu wote?"

"Ya kwanza, mbele ya wote."

"Basi ni mwizi!" Alikasirika kweli, mate yakamruka. "Baba yangu angeitupa mu maji!"

Ilinibidi nimtetee mgawaji wa tumboni dhidi ya mgawaji wa Wagenia. Nilimwambia ini halichukui kwa ulafi. Kwa sehemu yake linatengeneza albumini, kitu kinachoogelea kwenye damu na kuyashika maji yasivuje. Albumini ikipungua, maji yanatoka kwenye mishipa, yanashuka, yanakaa miguuni. Nikambonyeza. Shimo likabaki. "Unaona? Ini yako imekosa fungu, na wewe ndiye umekosa kuipa."

"Nimeipa. Dimanche."

"Haina ghala, Timothée." Nilimsomea mstari wenyewe, nikaugeuza. Mafuta yana ghala mwilini. Sukari ina ghala dogo. Asidi amino hazina. Kinachozidi mahitaji ya siku hiyo, ini linakiondolea naitrojeni na kuifanya urea, figo zinaitoa kwa mkojo, na mabaki yanachomwa kama kuni au yanageuzwa mafuta.

"Donc samaki ya dimanche..."

"Lundi umekwisha kuikojoa."

Akacheka mpaka akashika kiuno. Kisha akaacha ghafla, kwa kuwa alikuwa mtu wa hesabu za mafungu na alikwisha kuona siku zilizobaki bila fungu. "Na merkredi, katikati ya juma? Kidonda iko nakula nini?"

"Inakula paja yako. Mwili unavunja misuli, unagawa vipande vyake."

Aliangalia paja lake. Lilikuwa jembamba, ngozi imelegea kama soksi.

Nilirudi nyumbani nikiamini nimefanya kazi nzuri. Kesho yake, saa sita mchana, nilimkuta na kwanga na chumvi. Juu ya rafu kulikuwa na samaki wawili wadogo wa moshi, wamefunikwa kwa sahani, hawajaguswa. Nilimkaripia. Nilimwita mkaidi, nikamwita maiti anayepumua. Aliniacha nimalize.

"Nikule na nani?" aliuliza.

Alikuwa ameelewa kila kitu, ini, mshipa, albumini, kuliko wanafunzi wengi wenye kalamu mfukoni. Lakini kuelewa hakukumletea mtu wa kukaa mbele ya sahani. Majirani wanaondoka asubuhi na kurudi jioni, kila mmoja na chakula chake kwenye mfuko mweusi. Zamani uani kwake wangekuwa watu wanane kabla sufuria haijaiva.

Nilikwenda nyumbani, nikachukua bakuli langu la bati, nikarudi. Mimi pia nilikuwa nakula peke yangu, tangu miaka sita. Sikuwa nimemwambia mtu, maana hakuna aliyeuliza.

Tuliwasha moto, tukapasha samaki. Akatoa kisu. Akakata, akaniwekea mnofu wa mgongo na kichwa, yeye akabakiza mkia na miiba.

"Hapana," nikasema.

"Weye ni mugeni."

"Leo weye njo ini. Chukua ya kwanza."

"Siwezi."

"Priscille amesema juma sita."

"Emile, siwezi. Toka niko na kisu hii, mukono yangu haijachukua ya kwanza."

"Kama hauchukui, miye nakwenda, na utabaki hapa na samaki, mutu moja bila shahidi, na batu batasema ndoki."

Lilikuwa tishio baya, na nililisema makusudi. Samaki akaanza kupoa, mafuta yakaganda pembeni mwa sahani. Kisha akakata kipande cha mgongo, akakishika kwa vidole, na mkono ule ambao haukuwahi kuyumba juu ya jiwe ukasimama nusu ya njia. Akakitia mdomoni. Alitafuna macho yakiwa chini, kama mtu aliyekamatwa sokoni.

Hivyo ndivyo tulivyokula, kila saa sita mchana. Siku za samaki hazikuwa nyingi. Tulikula maharagi na wali, kwa kuwa kilichopungua katika kimoja hupatikana katika kingine. Tulikula mbinzo, wale viwavi wa msituni, msimu wao ulipofika, zimekaangwa mpaka zinalia chini ya meno. Tulikula mayai, na yai alilikata kwa kisu kile kile, katikati kabisa, kiini hakizidi upande huu wala ule, kisha akachukua nusu yake ya kwanza na kunitazama kwa chuki kidogo. Tulizungumza habari za watu waliokufa. Siku nyingine hatukuzungumza.

Juma la tatu, nilipobonyeza mguu, shimo lilijaa kabla sijahesabu kumi. Juma la tano ukingo wa kidonda ulikuwa mwekundu wa pinki, kama ndani ya pera. Priscille aliuangalia karibu, pua yake ikakaribia kugusa.

"Papa, umefanya nini?"

"Nimekuwa mwizi," Timothée alijibu.

Daktari alipokuja aliangalia, akasema tuendelee, akaita mgonjwa mwingine. Kabla ya Noeli ngozi ilikuwa imefunga, nyembamba na yenye kung'aa. Mguu ulibaki.

Ningependa kuishia hapo. Lakini Wivine alikuwa akipiga simu kila juma, na sikuwa nimefikiri anasubiri nini. Barabara ya Bafwasende ni matope na mashimo, siku mbili juu ya lori, na hakuna anayembeba mzee mwenye kidonda wazi katika safari ile. Mwezi wa pili alifika, mwanamke mrefu mwenye sauti ya baba yake, akaninyenyekea kwa magoti.

"Tonton Emile, aksanti sana. Umemuponyesha. Sasa naweza kumubeba. Kule kuko batoto, kuko batu saba mu nyumba, atakula na batu."

Nilisema ni vizuri. Ilikuwa kweli, na ilinichoma. Nilikuwa nimemjengea mguu kwa mayai na maharagi, nao ndio ungempandisha kwenye lori.

Asubuhi ya kuondoka alikuja kwangu, mara ya kwanza baada ya mwaka mzima, akitembea bila kushika bega la mtu. Alikuwa na ngolo mmoja wa moshi, kambare mkubwa aliyekunjwa kama pete, na majani ya mangongo. Hakuniuliza. Alitandika majani sita juu ya meza yangu, akatoa kisu, akagawa. Alifanya polepole, akipima kwa jicho, akitoa hapa kiasi cha ukucha na kuongeza pale. Nilikaa kimya, kama inavyotakiwa.

"Moja kwa siku," alisema. "Usifanye kama chatu."

"Na lako?"

Alikuwa ametenga kipande kidogo pembeni kabla ya kuanza, sikumwona. Akakionyesha, akakitia mdomoni. Safari hii mkono haukusimama njiani. Akafuta kisu kwa jani, akakirudisha mfukoni, tukashikana mikono. Lori lilipiga honi barabarani, Wivine akaita, akaenda.

Siku ya kwanza sikugusa fungu langu. Nilikula kwanga na chumvi, mimi niliyemkaripia mwenzangu. Jioni nilibonyeza mguu wangu mwenyewe juu ya kifundo. Shimo lilikuwepo, dogo, likajaa polepole.

Siku ya pili, saa sita mchana, niliisogeza meza mpaka mlangoni na kuufungua mlango wote, ili kila apitaye aone kwamba nakula samaki, naona aibu, lakini sijifichi. Nilifungua jani. Nilingoja mtu wa kumkaribisha, au walau mtu wa kuninyooshea kidole na kuita ndoki, kama enzi zile ambapo watu waliangalia sahani ya jirani. Kijana mmoja alipita karibu kabisa, kivuli chake kikapita juu ya sahani yangu. Alikuwa anaangalia simu. Hakuinua kichwa.

Nikachukua kipande cha kwanza, nikala.